MKEKA WA UKINDU NA MKEKA WA SIMU

Hotuba ya Mwenyekiti wa Kikundi kwenye sherehe ya kutimiza miaka kumi, Kilindoni, Mafia

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo tukiwa hai. Wapo wenzetu wanne tulioanza nao ambao wametangulia mbele ya haki. Tunawaombea Mungu awape makazi mema.

Ndugu Mgeni Rasmi, kikundi chetu kilianza mwaka 2015 na wanawake thelathini, sanduku moja la bati lenye kufuli tatu, na daftari moja la kurasa tisini na sita. Hisa ilikuwa shilingi 1,000. Katika risala utakayosomewa na katibu utasikia habari za hisa, mikopo, mfuko wa jamii na mgawo wa kila mwaka. Hayo tunamwachia yeye, maana ndiye mwenye hesabu. Sisi tumepewa nafasi ya kuzungumza jambo moja tu, na wanachama walilipitisha kwenye kikao kwamba lizungumzwe hadharani. Jambo lenyewe ni kubeti, yaani huu mchezo wa kubashiri timu, pamoja na maneno yake ya kijiweni, hizi wanazoita tipsi.

Tunajua wengine mtasema, leo siku ya furaha, haya ya nini? Jamani, tumeyaleta kwa sababu sanduku letu liliponea chupuchupu, na lililotaka kulivunja halikuwa mwizi wa usiku.

Kwa wazee ambao hawajui, tueleze kidogo. Sisi wanawake wa Mafia tukisema mkeka, kila mtu anajua. Unakwenda kukata ukindu, unauanika, unauchana, unautia rangi, unasuka ukili pima kwa pima, halafu unakaa chini unashona mpaka mgongo unauma. Vijana nao siku hizi wana mkeka wao. Mtu anachukua simu, anachagua timu tano, saba au kumi, anabashiri ipi itashinda, anaziunganisha zote pamoja na kuweka shilingi 500 au 1,000. Huo ndio wanauita mkeka, na hata kitendo chenyewe wanasema kusuka. Timu zote zikishinda, anapata pesa nyingi. Timu moja tu ikimwangusha, wanasema mkeka umechanika, hapati hata senti.

Mara ya kwanza kusikia neno hilo tulicheka. Tulidhani vijana wameanza kutusaidia kazi.

Ndugu Mgeni Rasmi, kubashiri mshindi si jambo geni pwani. Resi za ngalawa tumezaliwa tumezikuta. Kabla tanga halijapandishwa wazee wameshabishana pwani mpaka basi, ngalawa ya nani nyepesi, nahodha gani anajua kukata upepo. Lamu wana mashindano yao ya punda, na watu wanabishana vivyo hivyo. Nairobi kuna uwanja wa farasi pale barabara ya Ngong, tangu mwaka 1954, na huko kubashiri farasi ni shughuli kamili. Watu wanasoma majina ya farasi, wanampima mpanda farasi, wananong'onezana nani leo yuko sawa. Kwa hiyo maneno haya ni ya watu wote. Ni matamu, na hatuwezi kudanganya kwamba si matamu.

Na vijana wetu wanajua mambo. Ukipita kijiweni jioni, au kwenye banda la mpira siku ya mechi ya Simba na Yanga, utasikia elimu. Mchezaji gani anaumwa goti, nani ana kadi, kocha gani amegombana na nani, timu gani ikisafiri inalegea. Mtoto ambaye shuleni alishindwa hesabu za sehemu, hapo anazidisha namba za odi kichwani bila kalamu. Akili wanayo, na hatuwadharau hata kidogo.

Sasa tuje kwa yaliyotukuta.

Mwaka 2021 mwenzetu mmoja alichukua mkopo wa shilingi 300,000. Alisema anataka kununua dagaa wabichi, awachemshe, awaanike, awauzie wafanyabiashara wa ng'ambo. Ni biashara ambayo wengi wetu tunaifanya hapa Kilindoni, hakuna aliyeshangaa. Mwezi wa kwanza hakuleta rejesho. Akasema mvua imeharibu dagaa. Mwezi wa pili akasema mnunuzi hajalipa. Mwezi wa tatu hakuja kikaoni.

Tulikwenda kwake watu watatu. Tulimkuta uani, na chanja ya kuanikia dagaa ilikuwa imeota majani. Tulikaa, tukanywa maji, tukazungumza habari za wagonjwa na habari za harusi. Mwisho akalia mwenyewe. Dagaa hakununua hata ndoo moja. Kijana mmoja wa jirani, anayesifika kwa tipsi, alikuwa ameshinda siku moja shilingi 180,000 kwa kuweka 1,000. Mji mzima ulisikia. Mwenzetu akaona, hivi nami nikipata mara mbili tu, namaliza kuezeka nyumba. Akaanza na 1,000. Ikachanika. Akaweka 2,000 ili kurudisha ile 1,000. Ikachanika. Akaweka 5,000 kurudisha zote. Alikuwa anafanya usiku, kwa simu, amejifunika kanga, mume amelala pembeni hajui lolote. Ndani ya wiki tano mkopo wote ulikwisha.

Mwenzetu huyu yumo humu ndani leo. Ametupa ruhusa tuseme, ametuomba tusimtaje. Mafia ni ndogo, wengine mtakuwa mnamjua. Tunawaombeni mumnyamazie, kama anavyowanyamazia nyinyi ya kwenu.

Lakini, Ndugu Mgeni Rasmi, hapa kuna sehemu ambayo ni ngumu zaidi kuisema.

Kwa nini tulikaa miezi mitatu bila kumfuata? Kanuni yetu inasema rejesho likikosekana mara moja, kamati inakwenda nyumbani. Kamati ina watu watano. Ukweli ni kwamba watatu kati ya hao watano tulikuwa tunabeti vilevile. Tulikuwa tunaweka 500, wakati mwingine 1,000, na tipsi tulikuwa tunachukua kwa kijana yuleyule. Mwenyekiti alikuwa mmoja wa hao watatu. Tulimwonea haya kumuuliza kwa sababu tulijionea haya wenyewe. Kila mmoja alidhani yuko peke yake. Siku tuliyosema kwenye kikao, ndiyo tukajua tulikuwa wengi. Kati ya wanachama ishirini na saba waliohudhuria siku hiyo, kumi na mmoja walinyoosha mkono kwamba waliwahi kuweka pesa au kumpa pesa mtoto au mume akawawekee.

Mume wa mmoja wetu alisema, kumbe mnatukemea sisi kijiweni na nyinyi mnabeti jikoni! Hatukuwa na jibu.

Kikao kile kilikuwa kirefu. Wapo waliotaka mwenzetu afukuzwe. Wapo waliosema tukamate kitanda na baiskeli. Bibi mmoja, mkubwa kuliko sote, akasema: mkimfukuza yeye kwa mkopo, wale kumi mtawafukuza kwa nini? Au kosa ni kupoteza nyingi tu, kupoteza kidogo si kosa? Watu wakanyamaza.

Tukaamua alipe kwa kazi ya mikono yake. Alipe kwa mikeka, mikeka ya kweli, ya ukindu. Mkeka mmoja tuliuhesabu shilingi 25,000, kwa hiyo mikeka kumi na miwili. Tukamsaidia kusuka ukili wa mikeka mitatu ya mwanzo ili apate nguvu. Iliyobaki alisuka mwenyewe. Ilimchukua miezi kumi na moja. Mkeka wa mwisho hatukuuuza, ndio huu aliokalia Mgeni Rasmi miguuni pake.

Baada ya hapo katibu wetu akasema, wahenga walinena mali bila daftari hupotea bila habari. Tusigombane na vijana kwa maneno, tuandike. Tukamwita yule kijana wa tipsi, ambaye ni mvuvi na mtoto wetu, akakubali. Kwa wiki nane, kila mkeka uliosukwa kijiweni pale tuliuandika kabla mechi hazijachezwa, kwa hesabu ya shilingi 1,000 kila mmoja, ya kwenye karatasi tu. Mechi zikiisha tunaandika matokeo pembeni.

Mikeka iliyoandikwa ilikuwa thelathini na sita. Iliyopita ni miwili. Mmoja ungelipa 9,400, wa pili 6,100. Jumla 15,500. Pesa ambayo ingetoka mfukoni ni 36,000. Hasara 20,500 kwa kijiwe kimoja, kwa wiki nane, kwa pesa ya karatasi.

Lakini tulichojifunza zaidi si hicho. Kabla ya kufungua daftari tuliwauliza vijana, je, mnakumbuka vipi hizi wiki nane? Wakasema, tumefanya vizuri! Wakaitaja ile miwili iliyopita, kila mechi na mfungaji wake. Wakaitaja na mingine sita iliyochanika kwa timu moja tu, wakaihesabu kama ushindi mdogo. Ile mingine ishirini na minane hakuna aliyeikumbuka. Hawakuwa wanadanganya. Ndivyo moyo wa mtu ulivyo. Kijiwe kinasimulia aliyepata, hakimsimulii aliyekosa. Yule aliyekosa ananyamaza, kama tulivyonyamaza sisi. Kwa hiyo anayesikiliza anaona kila siku watu wanapata.

Akina mama, tipsi hata ikitoka kwa mtu mkweli, inakufikia nusu. Nusu ya pili imebaki kwa walionyamaza.

Katibu akatufundisha hesabu mbili, nasi tunazirudia hapa ili zibaki kwenye kitabu hiki, wajukuu wazisome.

Hesabu ya kwanza. Tuseme una timu nzuri sana, ambayo katika mechi kumi inashinda saba. Ukiiweka peke yake una nafasi nzuri. Sasa unganisha timu mbili za namna hiyo. Mikeka mia ukisuka, itakayopita ni kama arobaini na tisa. Unganisha tano, itapita kama kumi na saba. Unganisha saba, itapita nane. Unganisha kumi, haifiki mitatu katika mia. Na zote ni timu nzuri! Mkeka wa ukindu ukiongeza ukili unakuwa mpana. Mkeka wa simu kila unapoongeza timu unaongeza mahali pa kuchanika.

Hesabu ya pili. Chukua shilingi, irushe juu. Watu kumi wanaweka 1,000 kila mmoja, watano upande huu, watano upande ule. Jumla 10,000. Mwenye mchezo anasema, nitalipa 1,900 kwa kila aliyeweka 1,000. Washindi watano wanapata 9,500. Ile 500 iko wapi? Iko kwa mwenye mchezo, wala hakuhitaji kujua shilingi itaangukia wapi. Wakiweka tena yote waliyobakiwa nayo, anakata tena. Wakifanya hivyo mara kumi, katika ile elfu kumi inabaki kama elfu sita tu. Hata kwenye farasi, katika nchi nyingi, pesa za watu zinawekwa pamoja, mwenye mchezo anatoa fungu lake kwanza, kisha washindi wanagawana kilichobaki. Farasi yeyote akishinda, yeye ameshakula.

Linganisheni na upatu wetu. Watu kumi, 5,000 kila mmoja, anayepokea anapokea 50,000 kamili. Mwezi ujao mwingine. Hakuna anayekata kitu katikati, na kila mtu zamu yake itafika. Nao tunauita mchezo, lakini pesa zote zinabaki kwetu.

Baba mmoja alituuliza, mbona na uvuvi ni kubahatisha? Swali zuri. Ni kweli, mvuvi naye anaweza kurudi na maji mtupu. Lakini mvuvi anayejua bamvua na maji mafu, anayejua kusi na kaskazi, ujuzi wake unamlipa mwaka hadi mwaka. Bahari haina ofisi inayokata fungu kila nyavu zinaposhushwa. Na akirudi bila samaki, bado ana nyavu.

Tusieleweke vibaya. Kampuni hizi zina leseni, zinasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003, na kodi inakatwa. Si wezi. Mashehe wetu wameshatuambia dini inasemaje juu ya kamari, na hilo halihitaji sisi kuongeza neno. Sisi tunasema kama watunza sanduku. Kitu kinaweza kuwa na leseni na bado kikakumaliza.

Ndugu Mgeni Rasmi, tulijiwekea taratibu nne, na mpaka leo tunazifuata.

Kwanza, anayekopa kwa biashara anakwenda kununua bidhaa pamoja na mwanachama mwingine. Si kwa kumshuku, ila kwa kumsindikiza.

Pili, siku ya kikao, sanduku likiwa wazi, hakuna habari za tipsi wala odi. Anayevunja anatoa 500 mfuko wa jamii. Mwenyekiti ameshalipa mara moja.

Tatu, mwanachama aliyeteleza akija mwenyewe kusema, hatozwi faini. Faini ni kwa anayeficha. Tangu tuanze hivyo, watano wamekuja mapema, kabla deni halijawa kubwa.

Nne, namba ya siri ya simu ya mama si ya mtoto. Sheria inakataza aliye chini ya miaka 18 kubeti, lakini tuligundua mtoto wa darasa la saba anatumia laini ya mama yake kwa sababu mama hajui kusoma ujumbe. Kwa hiyo kila kikao tunatenga nusu saa ya kufundishana kusoma ujumbe wa simu. Bibi zetu wawili sasa wanasoma wenyewe salio lao.

Je, kubeti kumekwisha? Hapana. Hatutaki kitabu hiki kiseme uongo. Yule kijana wa tipsi, baada ya kuliona daftari, alikaa kimya siku nyingi. Halafu akaendelea. Sasa anaweka mara moja kwa wiki, badala ya kila siku, na mkewe ni mwanachama wetu namba thelathini na tatu. Akipita hapa anatutania, mama, daftari lipo? Tunamjibu lipo, lete mkeka tuuandike. Hajauleta tena.

Tuna maombi matatu kwako, Mgeni Rasmi. La kwanza, utusaidie kuwakumbusha wenye maduka na mawakala kwamba mtoto ni mtoto, hata akiwa na simu ya mama. La pili, vijana wetu wapate kiwanja kizuri na mipira, wacheze mpira wao wenyewe badala ya kuuchungulia kwenye simu. La tatu, tupate soko la uhakika la mikeka yetu, kwa wageni wanaokuja kuangalia papa potwe hapa Kilindoni na hata ng'ambo. Tunasuka mizuri, ila wanunuzi ni wachache.

Na kwenu wanachama. Miaka kumi si kidogo. Mlikuwa mnaleta 1,000 iliyokunjwa kwenye pindo la kanga, siku nyingine ina harufu ya dagaa. Hakuna aliyetajirika kwa siku moja kati yetu. Lakini nyumba zimeezekwa, watoto wamevuka bahari kwenda sekondari, na wagonjwa wamepelekwa hospitali bila kuuza shamba la mnazi. Haba na haba hujaza kibaba. Na yeyote kati yetu ambaye usiku wa leo atajifunika kanga na simu, asione haya. Aje kesho. Mlango uko wazi, nasi tumepita njia hiyohiyo.

Mwenyekiti,
kwa niaba ya wanachama wote